Dawa Inapoumiza Ini, Figo au Ngozi: Jinsi ya Kugundua Mapema na Hatua za Kuchukua

Mtu wa makamo anaanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Baada ya wiki chache vifundo vya miguu vinavimba, kwa hiyo anaongezewa furosemidi ili akojoe maji yaliyozidi. Furosemidi inapunguza potasiamu mwilini, misuli inaanza kukaza usiku, naye ananunua diklofenaki ya kutuliza maumivu. Diklofenaki inapandisha presha na kubana damu inayoingia kwenye figo. Baadaye anaambiwa figo zimeanza kuchoka. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka kwamba yote yalianzia kwenye uvimbe wa miguu, ambao ni maudhi yanayojulikana sana ya kidonge cha kwanza na mara nyingi huisha kwa kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Hivyo ndivyo madhara mengi ya dawa yanavyojificha. Yanakuja na sura ya ugonjwa mpya, na ugonjwa mpya hutafutiwa dawa mpya. Swali la kuukata mnyororo huo ni moja: kabla ya dalili hii kutokea, nilianza kutumia nini, na lini? Daktari anakuona kwa dakika chache na mfamasia anaona kile ulichonunua kwake tu. Anayeijua tarehe ni wewe, au yule anayemhudumia mgonjwa nyumbani. Mwongozo huu unahusu namna ya kuitumia tarehe hiyo.

Hatua ya 1: Andika kila kinachoingia mwilini, pamoja na tarehe

Chukua karatasi au simu uandike jina halisi la dawa (lile lililo kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara), nguvu yake kwa miligramu, unatumia ngapi na mara ngapi kwa siku, sababu ya kuitumia, na tarehe uliyoanza. Dozi ikibadilishwa, andika tarehe hiyo pia. Madhara mengi huanza pale dozi inapoongezwa, ingawa dawa yenyewe ni ya miaka mingi.

Watu wengi huorodhesha vidonge walivyoandikiwa na daktari na kuishia hapo. Weka na sindano, matone ya macho, krimu za ngozi, dawa za uzazi wa mpango, vitamini, unga wa kupunguza uzito na mitishamba. Krimu yenye betamethasoni au klobetasoli ikipakwa mwili mzima kwa miezi huingia kwenye damu na inaweza kufanya yale yanayofanywa na kidonge cha steroidi: kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa, kuzilaza tezi zilizo juu ya figo. Mitishamba nayo ina kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake wengi waliotumia vidonge vya kupunguza uzito vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia walipoteza figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kitu kutoka kwenye mmea nacho ni kemikali, na ini na figo hulazimika kukishughulikia kama kemikali nyingine yoyote.

Ukienda hospitali, beba orodha hiyo pamoja na maboksi yenyewe. Boksi halikosei tahajia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiambato, usihesabu maboksi

Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni salama kabisa kwenye dozi yake na ni sumu ya ini ikizidi. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, aliyekaa siku nyingi bila kula vizuri au anayekunywa pombe nyingi anapaswa kutumia pungufu ya hapo, kwa ushauri wa mtaalamu.

Sasa tazama jinsi kikomo hicho kinavyovukwa na mtu mwangalifu kabisa. Ana homa na mwili unauma, anameza vidonge 2 mara 4 kwa siku: gramu 4, sawasawa. Mafua yakizidi ananunua dawa ya mafua, vidonge 2 mara 3 kwa siku. Kila kidonge cha mafua kina parasetamoli miligramu 500 ndani yake, pamoja na dawa ya kuzibua pua. Hiyo ni gramu 3 za ziada. Kwa siku anapata gramu 7 na hajui kwamba amezidisha, maana machoni pake anatumia dawa mbili tofauti.

Kinachotokea ndani ni hiki. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa kitu chenye sumu, na ini lina akiba ya glutathioni ya kukizima. Dozi ikizidi, akiba inaisha na seli za ini zinaanza kufa. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu kidogo au asihisi kitu, halafu akajiona amepata nafuu, wakati uharibifu wa ini unajitokeza wazi siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa N-asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo ukigundua kuwa wewe au mtoto amezidisha, nenda hospitali wakati huo huo akiwa bado mzima. Kusubiri dalili ni kupoteza zile saa zenye thamani.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni, meloksikamu na aspirini ya maumivu. Zote ni za kundi moja. Kutumia mbili kwa pamoja hakuongezi nafuu ya maana, ila kunaongeza vidonda vya tumbo na mzigo wa figo.

Kwa watoto, soma nguvu ya dawa ya maji kila unapofungua chupa mpya. Zipo parasetamoli za maji zenye miligramu 120 katika mililita 5, na zipo zenye miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5. Mzazi aliyezoea kipimo cha chupa ya zamani anaweza kumpa mtoto dozi mara mbili bila kujua. Tumia bomba au kijiko cha kupimia kilichokuja na chupa, na dozi ifuate uzito wa mtoto.

Hatua ya 3: Sema hali yako kabla dawa haijaandikwa

Kuna mambo ambayo usingoje kuulizwa. Kama una tatizo la figo au ini, sema. Kama una mimba, unadhani una mimba au unanyonyesha, sema. Thalidomidi iliuzwa kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu cha ujauzito, ikaondolewa sokoni kuanzia 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Tangu hapo hakuna dawa inayopaswa kudhaniwa kuwa salama kwa mjamzito bila ushahidi. Valproati ya kifafa ni mfano wa leo: inaweza kudhuru mimba, lakini kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege la hatari, kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike mapema, kabla ya mimba ikiwezekana.

Taja pia dawa yoyote iliyowahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, na kama umewahi kuambiwa una upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Mwenye upungufu huo akipewa primakwini ya malaria, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi.

Ukiandikiwa metotreksati kwa ajili ya baridi yabisi au ugonjwa wa ngozi, hakikisha unaelewa kuwa ni mara moja kwa wiki. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku moja, iandike juu ya boksi.

Hatua ya 4: Jua dalili, kiungo kwa kiungo

Anza na ini. Dalili za mwanzo ni za kawaida mno: uchovu usioelezeka, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mwili kuwasha. Kisha mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea na weupe wa macho unageuka njano. Angalia macho kwenye mwanga wa mchana, vuta kope la chini. Taa ya ndani hudanganya. Kati ya dawa zinazojulikana kwa hili ni isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini za kifua kikuu, nevirapini ya VVU, ketokonazoli ya fangasi ya kumeza, valproati, na amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Hii ya mwisho ina tabia ya kupotosha, kwani manjano yanaweza kutokea wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, wakati mtu ameshaisahau. Anayetumia rifampisini akumbuke kuwa mkojo, jasho na machozi vitakuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hilo halina madhara. Macho ya njano ndiyo ya kukimbilia.

Figo haziumi, na ndiyo maana zinaharibika kimya kimya. Kretinini, yaani taka ambayo figo huichuja na ambayo hupimwa kwenye damu, inaweza kuonekana ya kawaida hata pale uwezo mkubwa wa figo umeshapotea. Unachoweza kuona mwenyewe ni mkojo kupungua, uso au miguu kuvimba, kuchoka, kichefuchefu, pumzi kuwa fupi. Hatari kubwa ninayotaka uikumbuke ni mkusanyiko wa dawa tatu: dawa ya presha ya kundi la enalaprili, lisinoprili au losatani, dawa ya kukojoza, na ibuprofeni au ndugu zake. Figo huchuja damu kwa msukumo. Ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, enalaprili hulegeza ule unaoitoa, na dawa ya kukojoza hupunguza maji yenyewe. Msukumo unaporomoka. Mtu akihara au kutapika siku hiyo, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Ukiwa kwenye dawa za presha, maumivu ya kawaida yatulizwe kwa parasetamoli, na siku unayotapika au kuhara sana piga simu kliniki uulize dawa zipi usimamishe hadi upone. Anayetumia metformini aulize swali hilo pia.

Ngozi husema haraka na kwa sauti. Vipele vidogo vinavyowasha ni vingi na vingi havina hatari. Tofauti iko hapa: homa inakuja pamoja na vipele, macho yanawaka, midomo na ndani ya kinywa vinapata vidonda, ngozi inauma ukiigusa badala ya kuwasha, inatoa malengelenge au inabanduka. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, unaounguza ngozi na utando wa macho, kinywa na sehemu za siri, na unaua. Huanza mara nyingi ndani ya wiki 8 za mwanzo za dawa mpya. Watuhumiwa wakuu ni kotrimoksazoli (Septrin), karbamazepini, fenitoini, lamotrijini, alopurinoli na nevirapini. Wengi hufikiri ni surua au mafua makali wakaendelea kumeza. Kila dozi ya ziada inaongeza hatari.

Tumbo: kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyotoka juu, na mara nyingi aliyeileta ni diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Kidonda kinaweza kutoka damu bila maumivu yoyote ya kutangulia, hasa kwa wazee.

Damu: anayetumia kabimazoli ya tezi ya shingo au klozapini ya magonjwa ya akili akipata homa na koo kuuma apimwe chembe nyeupe siku hiyo hiyo. Zidovudini ya VVU inaweza kupunguza damu; uchovu na weupe wa viganja ni dalili.

Masikio: jentamisini, amikasini na streptomisini huua seli za kusikia, na seli hizo hazioti tena. Mlio masikioni au kizunguzungu wakati wa sindano usivumiliwe hata siku moja bila kumwambia mhudumu. Macho: ethambutoli inaweza kufifisha uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani, funika jicho moja moja ujipime mara kwa mara. Neva: ganzi na kuwaka kwa nyayo kutokana na isoniazidi huzuilika kwa vitamini B6. Kano: kisigino kikiuma ghafla ukiwa kwenye siprofloksasini, acha kutembea sana na umwone daktari, maana kano inaweza kukatika. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa mtu wa enalaprili hakihitaji dawa ya kikohozi, kinahitaji dawa nyingine ya presha.

Hatua ya 5: Linganisha tarehe

Dalili ikitokea, fungua orodha yako. Tafuta kilichoanza, kilichoongezwa dozi au kilichochanganywa na kingine ndani ya miezi mitatu iliyopita. Mzio mkali huja ndani ya dakika hadi saa chache. Vipele vya kawaida huja ndani ya wiki mbili hivi. Ini huchukua siku hadi miezi. Madhara ya steroidi kwenye mifupa na macho ni ya muda mrefu.

Tarehe kulingana hakuthibitishi kosa la dawa. Homa ya ini ya virusi nayo hutia macho njano, na kuhara pekee kunaweza kuangusha figo. Lakini tarehe inampa daktari mahali pa kuanzia, na mara nyingi ndicho kitu pekee ambacho maabara haiwezi kumpa. Usijaribu kuithibitisha kwa kuimeza tena dawa unayoishuku. Mzio wa mara ya pili huweza kuwa mkali kuliko wa kwanza.

Hatua ya 6: Amua, kuacha au kutoacha

Usimeze dozi inayofuata ya dawa unayoishuku, na nenda hospitali mara moja, ukiona mojawapo ya haya:

- uso, ulimi au koo kuvimba, au kupumua kwa shida
- malengelenge, ngozi kubanduka, vidonda vya kinywa na macho pamoja na homa
- macho ya njano
- kinyesi cheusi cha kunata au kutapika damu
- mkojo kukata au kupungua sana
- kuchanganyikiwa, degedege, au usingizi usio wa kawaida

Hii ni pamoja na dawa za kifua kikuu: macho yakigeuka njano, simamisha na ufike kituoni siku hiyo hiyo. Wahudumu wana utaratibu wa kusubiri ini litulie kisha kurudisha dawa moja moja. Kukaa nyumbani umeziacha bila kumwambia mtu ni hatari nyingine, kwani vimelea hupata nafasi ya kuwa sugu.

Kwa dalili zisizo kwenye orodha hiyo, kuna dawa ambazo kuziacha ghafla kunaweza kukudhuru kuliko maudhi yenyewe. Prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu hupunguzwa polepole, kwa sababu tezi za mwili zimesahau kazi yake. Dawa za kifafa zikikatwa huleta degedege. Atenololi na propranololi zikikatwa huweza kuamsha maumivu ya moyo. Insulini, dawa za kuzuia damu kuganda na ARV nazo zimo humo. Hapa unapiga simu au unakwenda kliniki siku hiyo, ukiendelea na dawa hadi uambiwe vinginevyo. Nawaomba sana wanaowahudumia wazazi wao: msiwaachishe dawa kwa ushauri wa jirani.

Hatua ya 7: Omba vipimo kwa wakati wake

Kipimo kimoja kina maana ndogo. Viwili vina maana kubwa. Kabla ya kuanza dawa ya muda mrefu uliza kama unahitaji kupima vimeng'enya vya ini, bilirubini (ile rangi inayotia macho njano) au kretinini, kisha uliza tarehe ya kurudia. Enalaprili na wenzake: kretinini na potasiamu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza au kuongeza dozi. Tenofoviri ya VVU: kretinini. Metotreksati: chembe za damu, ini na figo, mara kwa mara. Haidroksiklorokwini ya muda mrefu: macho, kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kwa mwenye ugonjwa wa figo. Omba nakala ya majibu uiweke pamoja na orodha. Kretinini iliyopanda maradufu kutoka mwaka jana ni habari kubwa, ila itaonekana tu kama ya mwaka jana ipo.

Hatua ya 8: Toa taarifa, na usiache jina la dawa lipotee

Baada ya maafa ya thalidomidi, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa nchi kukusanya taarifa za madhara ya dawa, na tangu 1978 kituo chake kiko Uppsala, Sweden. Mamlaka za dawa za nchi nyingi hupokea taarifa kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Huhitaji kuwa na uhakika, shaka inatosha. Taja jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili, na kilichofuata.

Namba ya toleo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo kushindwa, na dawa za maji zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na dayaethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali zisizopaswa kuwa ndani ya dawa kabisa. Katika kisa kama hicho ni chupa yenyewe inayoonyesha toleo lipi liondolewe sokoni. Usitupe chupa ya dawa unayoishuku. Ifunge, iweke mbali na watoto, uipeleke.

Mwisho, daktari akithibitisha au akishuku sana, mwombe aandike kwenye cheti au kadi yako jina halisi la dawa, mwaka, na ilichofanya. "Mzio wa dawa" peke yake haimsaidii mtu. "Kotrimoksazoli, 2023, malengelenge na vidonda vya kinywa, alilazwa, asipewe tena" inamtosha mhudumu yeyote atakayekupokea usiku ukiwa huwezi kujieleza. Piga picha maandishi hayo, na umtumie mtu mmoja unayeishi naye.